Nani anaamua? Uhuru wa mtu katika chumba cha unasihi

Ukisoma historia ya unasihi, yaani ushauri nasaha, kama inavyofundishwa vyuoni kwetu, utadhani ni historia ya ugomvi. Freud anakuja na habari za nafsi iliyojificha, na wanafunzi wake wenyewe wanamkana. Carl Rogers anawaambia waliomtangulia kwamba wanaongea mno na kusikiliza kidogo. B. F. Skinner anasema mambo ya ndani ya nafsi yaachwe, yatazamwe mazingira. Albert Ellis anachoka kusubiri na kuanza kubishana na mgonjwa ana kwa ana. Mwanafunzi anakariri kila nadharia na mwanzilishi wake, mwaka wake na mbinu zake, anafaulu mtihani, kisha anakalishwa mbele ya mtu anayelia, na hajui ashike ipi.

Mimi kazi hii nimeifanyia Dar es Salaam, sehemu kubwa nikiwa na watu wanaotoka kwenye heroini pamoja na familia zao. Kazi ndiyo iliyonionyesha kwamba wakubwa wale, pamoja na kugombana kote, walikuwa wakihangaikia jambo moja: mtu huyu atoke chumbani akiwa na nafasi pana zaidi ya kuamua mambo yake kuliko alivyoingia. Huo ndio uhuru ninaouzungumzia hapa. Mtu aseme "nitafanya hivi", na aliyesema awe kweli ni yeye, si hofu yake, si shemeji yake, si unga, kama heroini inavyoitwa mtaani.

Heroini inafundisha thamani ya uhuru huo kwa kuupokonya. Nguvu yake mwilini ni ya saa chache tu. Anayeitumia huamka na arosto: makamasi yanatiririka, miayo haikomi, mifupa inauma, tumbo linakata. Kabla hajanawa uso, siku yake imeshapangwa. Atafute hela, amtafute pusha anayeiuza, avute au ajidunge, na jua halijafika utosini aanze upya. Mtaani wanamwita mvivu. Mimi namwona mtu anayehangaika tangu alfajiri mpaka usiku, Jumapili mpaka Jumamosi, bila hata saa moja aliyoipanga mwenyewe. Kijana mmoja aliniambia, "Sista, toka nimeingia kwenye hii kitu sijawahi kuamka nikajiuliza leo nifanye nini. Jibu linakuwepo kabla ya swali." (Habari zake nimezichanganya na za wengine ili asitambulike yeyote. Nitaendelea hivyo mpaka mwisho.)

Mwaka 2011 Hospitali ya Taifa Muhimbili ilifungua kliniki ya methadoni, dawa ya kunywa inayoizuia arosto, na baadaye zikafuata nyingine Dar es Salaam, Zanzibar na mikoani. Asiyewahi kufika hapo asidhani kuna maajabu. Ni dirisha, foleni, na kadi. Mhudumu anamimina dawa kwenye kikombe kidogo cha plastiki, mtu anakunywa mbele yake, anaongeza maji, kisha anatakiwa aseme neno, jina lake au "asante", ili ionekane amemeza na hakuibakiza mdomoni. Methadoni hukaa mwilini zaidi ya saa 24. Kwa hiyo mtu aliyekuwa akikimbizwa na arosto mara tatu nne kwa siku anajikuta, saa tatu asubuhi, hana kinachomkimbiza.

Hapo watu wengi hushangaa ninapowaeleza kinachofuata. Kinachofuata mara nyingi ni hofu. Mtu ana siku nzima mikononi mwake na hajui pa kuipeleka. Marafiki wote wako kijiweni, kazi hana, nyumbani kila akiinuka macho yanamfuata. Nimewaona waliorudi kwenye unga mwili ukiwa hauna maumivu yoyote, wamerudishwa na ule mchana mrefu. Erich Fromm, mwanasaikolojia aliyeikimbia Ujerumani ya Hitler, aliandika mwaka 1941 kwamba binadamu huweza kuukimbia uhuru kwa sababu ni mzigo kuubeba peke yako. Yeye alikuwa akizungumzia taifa zima lililojisalimisha kwa mtawala. Lakini nimelikuta jambo lile lile kwa kijana mmoja aliyekaa kwenye benchi la kliniki huku akizungushazungusha simu isiyo na salio.

Kuanzia hapo dawa imefanya sehemu yake, na unasihi unaanza. Na hapo ndipo nadharia zote zile zinapopata mahali pa kukaa pamoja.

Chukua Freud, ambaye wengi humdhania mtu wa kusema binadamu anaendeshwa na yaliyofichika basi. Mwaka 1923 aliandika, tena kwenye tanbihi tu chini ya ukurasa, kwamba tiba haikusudii kumzuia mgonjwa asipatwe tena na mambo yale. Inakusudia kumpa uhuru wa kuamua, huku au kule. Yaani hata yeye, baada ya kuchimbua utoto wote wa mtu na ndoto zake zote, alisimama mlangoni na kumwachia mwenye maisha uamuzi. Ellis alianza kuijenga tiba yake mwaka 1955 kwa kuazima kutoka kwa Epictetus, mwanafalsafa wa zamani aliyezaliwa mtumwa, aliyefundisha kwamba hatusumbuliwi na mambo bali na tunavyoyahukumu mambo. Ellis akaliwinda neno "lazima" vichwani mwa watu. Naye kijana wangu alikuwa nalo: "Nikipishana na washkaji lazima nivute." Tulikaa na sentensi hiyo muda mrefu. Ni nani aliyeiweka? Ilishawahi kutokea umepishana nao usivute? Ilishatokea, mara moja, alikuwa amembeba mtoto wa dada yake. Alinyamaza alipokumbuka hilo. Siku hiyo sikuhitaji kuongeza neno.

Skinner ndiye mgumu kumwingiza katika jambo hili, na sitaki kumwingiza kwa nguvu. Mwaka 1956 yeye na Rogers walijadiliana hadharani kwenye mkutano wa wanasaikolojia wa Marekani, na mwaka 1971 akatoa kitabu kizima akidai kwamba imani yetu juu ya uhuru wa mtu inatuzuia kuona kinachotuongoza kweli, yaani mazingira na malipo yake. Kifalsafa sikubaliani naye. Ila kwenye kliniki ya methadoni hakuna siku inayopita bila kumhitaji. Futa namba ya pusha. Badilisha kituo unachoshukia. Usitembee na noti ya elfu kumi peke yako wiki za mwanzo. Ni mazingira matupu hayo, na yanafanya kazi. Swali langu kwa Skinner ni moja: ni nani anayeyapanga? Nikiyapanga mimi na mama yake, tumemwekea ukuta. Akiyapanga yeye, baada ya kuona mwenyewe ni wapi miguu inamponyoka, basi ametumia elimu ya Skinner kujitawala.

Nieleze tukio moja kwa urefu kidogo, maana limebeba sehemu kubwa ya ninachotaka kusema.

Mama mmoja aliingia na mwanawe, kijana wa miaka ishirini na kitu. "Shikamoo mama," nikamwamkia. "Marahaba mwanangu. Nimekuletea huyu. Mwambie aache. Sisi tumesema mpaka basi, wewe atakusikia." Wazazi wengi huja hivyo, na siwalaumu. Kwetu mkubwa akiitwa, ameitwa aseme. Somo humwambia mwari la kufanya, mjomba humwita mpwa wake akamweka chini, kikao cha ukoo hukaa kikatoa uamuzi. Anayekaa kimya akauliza maswali huonekana hana la kutoa.

Nikamjibu, "Nimekusikia mama, na tutaongea. Kwanza nimuulize mwenyewe kama anaridhia ukae nasi." Mama alinitazama kana kwamba nimemtukana. Kijana naye akainua kichwa, akaangalia ukutani, akaniangalia mimi. Ilikuwa dhahiri kwamba muda mrefu umepita bila mtu kumuuliza anaridhia nini. Akasema, "Mama akae nje kwanza. Halafu aje." Sentensi mbili, uamuzi mara mbili. Mama akatoka akiwa amekasirika. Robo saa baadaye kijana akafungua mlango mwenyewe na kumwita.

Rogers alipata kusimulia kisa cha enzi alipokuwa akifanya kazi na watoto huko Rochester, New York. Mama mmoja alikuwa akimleta mtoto wake mkorofi. Rogers alijitahidi kumwonyesha mama huyo kwamba tatizo lilianzia kwenye namna alivyomkataa mtoto tangu utotoni. Hawakufika popote, wakakubaliana waache. Mama akiwa anatoka akageuka mlangoni akauliza, "Je, watu wazima nao mnawapokea hapa?" Akarudi kitini, akaanza kumwaga habari za ndoa yake na kukata kwake tamaa. Rogers anasema hapo ndipo alipoanza kuelewa kwamba mwenye maumivu ndiye anayejua yanauma wapi na pa kuelekea.

Mama yule wa kwangu naye alirudi, peke yake, siku isiyokuwa ya mwanawe. Alikuwa halali usiku. Pochi na simu alizifunga kwenye pindo la khanga na kuzilalia. Ameacha kwenda kwenye kikoba kwa sababu ya aibu, maana mwanawe aliwahi kuingia nyumbani kwa mwenzao mmoja akaondoka na sufuria. Yeye pia unga ulikuwa umempangia siku, ingawa hajawahi hata kuugusa. Tulipokutana naye hatukuzungumza sana habari za mwanawe. Tulizungumza atarudije kikobani, atamwambia nini mwenyekiti, na kama anaruhusiwa kulala hata kama mtoto hajarudi. Alipata jibu lake mwenyewe kuhusu hilo la mwisho, nalo si jibu ambalo ningempa mimi. Ilitosha kwamba ni lake.

Miezi ikapita, kijana akaanza kufanya kazi ya saidia fundi. Analipwa jioni, mkononi. Kwa mtu anayetoka kwenye unga, pesa taslimu jioni ni hatari kuliko kijiwe chenyewe. Akaja na wazo: pesa yote ampe mama, abaki na nauli tu na ya chakula cha mchana. Nikamuuliza, "Na ukizitaka?" Akasema atamwambia mama sababu, na mama atampa, ila atazipata kesho yake asubuhi, si usiku ule. Mama akakubali.

Zamani mama huyo huyo alikuwa akimpekua mifuko na kumfungia chumbani kwa kufuli. Mikono ni ile ile, pesa ni zile zile, na ukitazama kwa nje unaweza kusema bado mtoto anachungwa. Lakini kufuli aliliweka mama, na utaratibu wa mshahara aliuweka kijana, na anaweza kuuondoa. Kila ninapoulizwa uhuru unaonekanaje katika unasihi, huwaeleza watu habari hii.

Inajibu pia pingamizi ambalo husikia kila ninapozungumza na wenzangu, kwamba uhuru wa mtu binafsi ni mawazo ya Wazungu, na mwafrika ni mtu wa watu. John Mbiti, mwanatheolojia wa Kenya, aliandika mwaka 1969 kwamba kwa mwafrika mimi nipo kwa sababu sisi tupo, na kwa kuwa tupo, nami nipo. Ninaikubali kauli hiyo kwa moyo wote. Sijawahi kumwona mtu aliyetoka kwenye heroini peke yake, bila dada, bila mama, bila rafiki wa msikitini au kanisani anayepiga simu saa moja jioni kuuliza tu yuko wapi. Ila sikubali kwamba kuwa mtu wa watu maana yake ni kuamuliwa. Kijana hakujitenga na mama yake ili awe huru. Alirudi kwake kwa njia aliyoichagua. Mnasihi anayemfundisha mteja kukata undugu ili "ajitambue" amenakili kitabu cha nchi nyingine bila kutazama nani amekaa mbele yake. Na anayeusaidia ukoo kumbana mtu mpaka aseme ndiyo, amekuwa mjumbe wa kikao tu, mwenye cheti.

Ndiyo maana nina neno zito kuhusu baadhi ya nyumba za kurekebishia waraibu. Soba haus zimeokoa watu wengi, Zanzibar na huku bara, na waliozianzisha wengi ni watu waliopita humo humo, wanaojua wanachokisema. Mikutano yao huanza na hatua ya kwanza ya Narcotics Anonymous, umoja wa waraibu wanaosaidiana kuacha, ambako mtu hukiri kwamba hana nguvu mbele ya uraibu wake. Nilipokuwa mgeni wa mambo haya niliisikia kauli hiyo kama kujisalimisha. Sasa nikimsikiliza mtu anayeitamka mbele ya wenzake, kwa sauti yake, kwa hiari yake, naona ni uamuzi wa kwanza wa kweli aliofanya kwa miaka mingi. Lakini hiari hiyo ndiyo roho ya jambo lenyewe. Familia inapokodi gari usiku, kijana akafungwa mikono na kupelekwa kwenye nyumba yenye geti la chuma asiloweza kulifungua, hatua ya kwanza aliyoitamka humo haina mwenyewe. Wazazi wanaofanya hivyo wamefika mwisho wa nguvu zao na wanaogopa kuzika. Naelewa. Bado nasema si sahihi, na nimewaambia hivyo uso kwa uso.

Kwa vitendo, ndani ya chumba, uhuru ni mambo madogo madogo sana. Naomba ruhusa kabla ya kutoa ushauri. William Miller na Stephen Rollnick, wanasaikolojia waliokusanya mbinu hii katika kitabu chao cha mwaka 1991, waliona kwamba mtu akisukumwa aache pombe hujitetea, na kadiri anavyojitetea ndivyo anavyojisadikisha kwamba hana sababu ya kuacha. Kwa hiyo ninasema, "Ukipenda, nikueleze wengine walifanyaje. Halafu utaniambia kama lina maana kwako." Wengine husema hapana. Nikisikia hapana hiyo huwa nafurahi, kwa sababu ndiyo ya mtu asiyeweza kusema hapana haina uzito wowote. Naeleza mwanzoni kabisa siri yake itakaa wapi na itatoka lini.

Maana ipo siku itatoka. Mtu akiniambia amepanga kujiua usiku wa leo, sitaheshimu uamuzi huo na kumfungulia mlango. Nitamwita ndugu, nitampeleka hospitali, nitavunja siri niliyoahidi kuitunza, na atakuwa analijua hilo tangu siku ya kwanza. Maumivu ya kiwango hicho hufanya kama arosto, huziba njia zote ikabaki moja. Kumzuia siku ile ni kumtunzia nafasi ya kuchagua kesho. Lakini kumzuia ni tofauti na kumwadhibu. Januari 2025 Mahakama Kuu ya Kenya iliamua kwamba kumshtaki mtu aliyejaribu kujiua ni kinyume cha katiba. Niliposoma habari ile niliwafikiria wote walionyamaza huku kwetu kwa kuogopa polisi, na natamani sheria yetu nayo iguswe.

Viktor Frankl anatajwa sana tunapofika hapa. Daktari wa Vienna, Myahudi, alipelekwa kwenye kambi za Wanazi mwaka 1942, akapita Auschwitz, akapoteza wazazi, kaka na mke. Akatoka na fundisho kwamba binadamu anaweza kunyang'anywa kila kitu isipokuwa uhuru wa kuchagua atayapokeaje yaliyompata. Ninamheshimu mno. Kinachoniudhi ni jinsi anavyotumiwa kwenye semina kuwaambia maskini wabadili mtazamo. Frankl alisema vile kuhusu mtu aliyefungwa ndani ya seng'enge. Hakusema seng'enge ibaki.

Frantz Fanon aliliona upande wa pili. Mwaka 1953 alianza kazi kama daktari wa magonjwa ya akili katika hospitali ya Blida, Algeria, chini ya utawala wa Wafaransa. Aliwafungua wagonjwa, akawaletea michezo na mkahawa wao. Mwaka 1956 akajiuzulu. Katika barua yake alieleza kwamba wazimu ni mojawapo ya njia za mtu kupoteza uhuru wake, na kwamba hawezi kuendelea kuwarudishia watu uhuru ndani ya hospitali wakati nchi nzima inawanyima uhuru huo nje ya ukuta.

Sisi hatutawaliwi. Lakini methadoni ni bure na nauli si bure, na dozi ni kila siku. Nawajua watu wanaotembea kwa miguu kutoka mbali kila asubuhi kwa miezi, kwa sababu nauli ya kwenda na kurudi ni chakula cha nyumbani. Nawajua waliokosa kibarua kwa sababu fundi anahesabu watu saa moja, na dirisha linapofunguliwa wao bado wako kwenye foleni. Anayetaka kwenda msibani mkoani lazima kwanza apange na kliniki, na msiba haumsubiri mtu kupanga. Mtu anaweza kukaa nami chumbani akaamua kabisa, kwa akili yake yote, kwamba anataka kazi na anataka dawa, kisha akatoka nje akakuta ratiba imemlazimisha achague kimoja.

Kwa hiyo nikipata nafasi ya kuzungumza na wanaopanga huduma hizi, siwaombi semina nyingine ya nadharia. Nawaomba dirisha lifunguliwe mapema, saa kumi na moja alfajiri, kabla ya mafundi na daladala za kwanza. Nawaomba dozi ifike kwenye vituo vya afya vilivyo karibu na watu, hasa wale walioshika dawa vizuri kwa muda mrefu. Na nawaomba wawaulize wanywaji wa dozi wenyewe saa gani inawafaa, kabla ya kuipanga.